Mtenda Asiyetajwa

Katika sarufi ya Kiingereza hapana somo linalofundishwa upesi na kusahauliwa upesi kama kauli ya kutendwa. Mtoto wa shule hupewa sentensi "The cat ate the fish", akaambiwa aigeuze. Huandika "The fish was eaten by the cat", akapata alama yake, na mambo yakaishia hapo: paka na samaki wamebadilishana viti, na neno "by" ndilo lililowapisha. Haambiwi kwamba Waingereza wenyewe, wasemapo na waandikapo, mara nyingi zaidi humwacha paka nje kabisa. Mtu akichukua ripoti ya serikali, taarifa ya polisi au barua ya ofisi, akazipigia mstari sentensi za kauli hii moja baada ya moja, ataona kuwa zenye "by" ni chache na zisizo nayo ni tele. Samaki ameliwa. Aliyemla hakutajwa.

Nakusudia kuzungumza juu ya huyo asiyetajwa. Sarufi itanisaidia, lakini swali lenyewe si la sarufi. Ni hili: mtu anayemjua mtenda, akatoa sentensi ambayo kila neno lake ni kweli ila mtenda hayumo, je, amesema kweli? Na ikiwa mtenda huyo ni yeye mwenyewe, hukumu inabadilika?

Swali hili lilinijia kabla sijalijua jina lake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Shangazi yangu, aliyekaa kusini mwa Mombasa, alikuwa na shamba dogo la minazi aliloachiwa na mumewe. Siku moja tarishi alimletea barua ya Kiingereza kutoka ofisi moja, nami nikaitwa nimsomee, kwa kuwa nyumbani kwetu mimi ndiye niliyesifiwa kwa lugha hiyo. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikaifungua. Ilikuwa fupi. Sentensi yake kubwa ilisema: "It has been decided that the plot shall be repossessed."

Nikamwambia, "Shangazi, wanasema imeamuliwa kwamba shamba lichukuliwe."

"Imeamuliwa na nani, mwanangu?"

"Hawakusema, shangazi."

"Tazama vizuri. Labda umeruka neno."

Nikatazama. Nikasoma tena kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Akaniambia nisome hata yale maandishi madogo ya chini. Chini palikuwa na sahihi isiyosomeka, na kando yake neno "for", likifuatwa na cheo: maana yake aliyetia sahihi si mwenye cheo, na mwenye cheo hakutia sahihi. Nilipomweleza hayo alinyamaza kitambo, kisha akaikunja barua akaitia katika mkoba wake wa ukili. "Barua hii haina mwenyewe," alisema. "Sasa mimi nitakwenda kumlilia nani?"

Shamba likaenda. Sina la kuongeza juu ya hilo. Lakini lile alilosema, kwamba labda nimeruka neno, limekaa nami kuliko hasara yenyewe.

Miaka mingi baadaye, niliposoma sarufi chuoni, nilitambua kwamba shangazi yangu, ambaye hakuketi darasani hata siku moja, hakukosea kudhani kuna neno lililorukwa. Kauli ya kutendwa, hata ikikatwa mkia, haimfuti mtenda. Humwachia kiti kitupu. Wanaisimu wana mfano mmoja mashuhuri wa kuthibitisha jambo hili. Mwingereza husema, "The ship was sunk to collect the insurance", yaani meli ilizamishwa ili kuchukua fedha za bima. Sentensi hiyo inakubalika ijapokuwa mzamishaji hakutajwa, kwa sababu ndani yake yumo mtu mwenye nia, naye ndiye azitakaye fedha. Lakini hasemi, "The ship sank to collect the insurance", ila kwa mzaha. Kitenzi "sank" hakimfichi mtu, hakina mtu. Meli imezama, na meli haina haja ya bima.

Kiswahili kina vipimo vikali zaidi katika jambo hili, kwa kuwa sisi tuna kauli mbili mahali ambapo Mwingereza mara nyingi hutumia umbo moja la kitenzi. Twaweza kusema kikombe kimevunjwa kwa makusudi. Tukisema kimevunjika kwa makusudi, sikio hukataa. Kimevunjwa na Juma ni maneno timamu. Kimevunjika na Juma ni maneno yanayomfanya msikilizaji aulize kama Juma naye amevunjika. Kutendwa kuna mtenda, atajwe asitajwe. Kutendeka hakuna. Mtoto wa Mswahili huijua tofauti hiyo mapema, tena kwa faida yake: aulizwapo habari za kikombe husema kimevunjika. Hasemi kimevunjwa, maana anajua mama yake atauliza papo hapo, na nani?

Isifikiriwe basi kuwa naishtaki kauli ya kutendwa. Ina kazi zake za halali, na nyingi. Mtu aliyeamka akakuta baiskeli yake haipo husema imeibiwa. Mwizi hamjui, amtaje vipi? Mwanachuoni anayeandika kuwa maji yalichemshwa kwa saa mbili hana haja ya kutueleza ni mkono wa nani uliowasha jiko. Na pengine twataka macho ya msomaji yakae kwa aliyetendwa: tukiandika kwamba Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, tumemweka Lumumba mbele, ndipo mahali pake, na wauaji watafuata katika sentensi yao wenyewe. Katika hali zote hizi mtenda hatajwi ama kwa kuwa hajulikani, ama kwa kuwa hana maana katika habari ile, ama kwa kuwa yu wazi kwa kila mtu au zamu yake haijafika.

Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaoilaani kauli hii jumla. George Orwell, katika insha yake ya mwaka 1946 juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni kwamba isitumiwe kamwe pale ambapo kauli ya kutenda yaweza kutumika. Kijitabu cha William Strunk, kilichotoka mwaka 1918 na kutengenezwa upya na E. B. White mwaka 1959, kimewafundisha wanafunzi wa Marekani kizazi baada ya kizazi kuipendelea kauli ya kutenda, na walimu wengi wameligeuza fundisho hilo kuwa marufuku. Wanaisimu waliomsoma Orwell kwa kalamu mkononi wameonyesha kuwa yeye mwenyewe, katika insha ile ile, aliitumia kauli hiyo mara kwa mara. Simcheki, sijui mtu aandikaye Kiingereza kizuri bila ya kuitumia. Nadhani aliona moshi wa kweli, akaelekeza kidole kwa jiko lisilo lake. Kosa haliko katika kiti kitupu. Liko kwa yule aliyekuwa amekikalia, akainuka kimya kimya wageni walipoingia.

Sentensi iliyo mashuhuri kuliko zote za namna hiyo ni "mistakes were made", makosa yalifanywa. Ni sentensi ya zamani. Desemba 1876 Rais Ulysses S. Grant wa Marekani, serikali yake ikiwa imechafuliwa na kashfa za rushwa, aliliandikia Bunge ujumbe wake wa mwisho wa mwaka. Humo alikiri: "Mistakes have been made, as all can see and I admit." Makosa yamefanywa, kama wote wawezavyo kuona, nami nakubali. Mtazame huyo "I". Yumo, lakini hakupewa kitenzi cha kukosa. Amepewa kitenzi cha kukubali. Na hapo hapo, bila ya kuvuta pumzi, anaendelea kueleza kuwa makosa hayo aghalabu yalikuwa katika uteuzi wa wasaidizi, ambao karibu wote waliteuliwa pasipo yeye kuwajua, kwa mapendekezo ya wawakilishi waliochaguliwa na wananchi. Kumbe kiti kile kilikuwa kikiwangojea wengine.

Miaka 110 hivi baadaye, Januari 1987, Rais Ronald Reagan alisimama mbele ya Bunge lilo hilo kusema juu ya silaha ambazo serikali yake iliiuzia Iran kwa siri. Naye alisema, "serious mistakes were made". Haki yake tumpe: katika hotuba ile ile alisema kuwa yeye mwenyewe alijitia katika hatari, kwamba haikufaulu, na kwamba anabeba dhamana yote. Je, mtu aliyesema hivyo amebakiza deni gani? Mimi naona amebakiza moja, nalo ni dogo lakini lafaa kuangaliwa. Kujitia katika hatari ni tendo la shujaa. Kubeba dhamana ni tendo la mkubwa. Kukosea ni tendo la aibu. Katika vitenzi viwili vya kwanza Reagan alisema "mimi". Katika cha tatu "mimi" haonekani. Mtu huingia kwa hiari katika kitenzi chenye heshima, akatoka kwa mlango wa nyuma katika kitenzi chenye fedheha, na sarufi haimzuii.

Rais Bill Clinton aliyarudia maneno hayo hayo mwaka 1997, juu ya fedha zilizochangishwa kwa uchaguzi. Msemo umezeeka hata mchambuzi mmoja wa siasa za Marekani, William Schneider, akaubandika jina la dhihaka, kana kwamba ni wakati mpya wa kitenzi: wakati uliopita wa kujitakasa.

Hata hivyo "makosa yalifanywa" bado ni kutendwa. Shangazi yangu angeweza kuuliza na nani. Kuna maneno yaliyo mabaya zaidi, ambayo hayaachi hata nafasi ya swali, na mfano wake wa uchungu hauko mbali nasi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, karibu na Mto Tana, wafungwa 11 waliokuwa wamewekwa kizuizini bila ya hukumu katika vita vya Mau Mau walipigwa na walinzi wao mpaka wakafa. Walipigwa kwa sababu walikataa kufanya kazi, na kulikuwa na mpango uliokubaliwa na wakubwa wa kuwashurutisha kwa nguvu. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema kwamba vifo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji kutoka gari la maji.

Naomba tuisome sentensi hiyo polepole, kama vile shangazi alivyotaka nisome. "Vifo vilitokea." Hapana kutendwa hapa. Mtaalamu wa sarufi aliyekwenda kuwinda kauli ya kutendwa katika taarifa ile angepita mahali hapa mikono mitupu. Wafu wenyewe wamegeuzwa jina la tendo, "vifo", na jina hilo limepewa kitenzi "kutokea", kitenzi cha mvua na kupatwa kwa jua. Kisha likaja neno "baada ya". Mtu aweza kuapa kuwa neno hilo ni kweli: wafungwa walikunywa maji, kisha wakafa. Lakini msomaji akisoma "baada ya" huelewa "kwa sababu ya", na mwandishi alijua kuwa ataelewa hivyo. Kila neno limesimama peke yake kama shahidi mwaminifu, na yote pamoja yamesema uongo.

Uchunguzi wa daktari na wa mahakama ulionyesha kuwa watu wale walikufa kwa kupigwa. Usiku wa tarehe 27 Julai mwaka huo, katika Bunge la Uingereza, Enoch Powell, mbunge wa chama kilichokuwa kikitawala, alisimama akasema dhidi ya serikali yake mwenyewe. Mtu huyu baadaye alijulikana kwa mengine ambayo sina haja ya kuyasifu. Lakini usiku ule alishika hoja moja, akaifuata kama mtu afuataye uzi katika giza: tendo lile lina wenyewe, na wenyewe hao hawakomei kwa maofisa wadogo wa kambi. Ukiitoa siasa yote iliyomo, hotuba yake ilikuwa swali la shangazi. Na nani?

Jibu la Uingereza yenyewe lilichelewa miaka 54. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alitangaza Bungeni kwamba serikali yake imepatana na wazee 5,228 wa Kenya, kwa gharama ya paundi milioni 19.9. Alisema serikali inatambua kwamba Wakenya "were subject to torture and other forms of ill-treatment at the hands of the colonial administration", na kwamba inasikitika kwa dhati "that these abuses took place". Mwanafunzi asiitie sentensi ya kwanza katika kapu la kutendwa kwa haraka. "Subject" pale ni sifa, si kitenzi. Lakini kazi yake ni ile ile, na safari hii kiti hakikuachwa kitupu: maovu yalitoka mikononi mwa utawala wa kikoloni. Mikono imetajwa. Nakiri kuwa nilipoisikia nilifurahi, na sidharau thamani yake kwa wazee waliongojea zaidi ya nusu ya umri wao. Kisha sentensi ya pili ikaja na "took place", yalitokea, na ile mikono ikatoweka. Anayesikitika ni serikali iliyopo. Aliyetenda ni utawala uliokwisha Desemba 1963. Na kati yao hapana kitenzi kinachowaunganisha. Hilo halikuwa sahau. Katika taarifa ile ile Waziri alisema serikali bado inakanusha kuwa inadaiwa kisheria kwa matendo ya utawala ule. Sarufi ilikuwa imekwisha kupatana na wakili.

Hapa msomaji wa Kiswahili aweza kuanza kujisikia vizuri, akadhani kuwa haya ni maradhi ya Waingereza. Nami ndipo ninapotaka kumsimamisha. Nilisema kwamba kauli yetu ya kutendeka haina mtenda. Ni hazina, na ni hatari. Afungue magazeti yetu aone "mistakes were made" hutafsiriwa vipi. Mara nyingi ataona "makosa yalifanyika". Mwingereza aliacha kiti kitupu; sisi tumekitoa kiti chumbani. "Fedha zimepotea", kana kwamba zilikwenda sokoni zikasahau njia. "Imeonekana kwamba", "imetokea bahati mbaya", "mambo yameharibika". Sisemi kwamba lugha yetu ni ya wanafiki. Nasema tu kwamba aliyetaka kujificha katika Kiingereza alilazimika kukata mkia wa sentensi, na alama ya kisu huonekana. Katika Kiswahili maficho yake yamejengwa tayari, tena kwa silabi moja.

Turudi basi katika swali. Sentensi ni kweli, mtenda hayumo. Je, ni uongo?

Wako watakaosema hapana, na hoja yao si dhaifu. Uongo, watasema, ni kusema lisilokuwa. Aliyenyamaza hakusema. Hatudaiwi kusema kila tujualo. Mtu akidaiwa hivyo, urafiki, adabu na siri za wagonjwa vyote vitakufa. Nakubali yote hayo. Lakini nadhani hoja hii inatazama sentensi peke yake, kama samaki aliye juu ya meza, na sentensi huishi katika maji. Nimetaja sababu ambazo kwazo mtu mwaminifu humwacha mtenda: hajulikani, au hana maana, au yu wazi. Msikilizaji anazijua sababu hizo, japo hawezi kuzihesabu, kwa kuwa amekulia ndani ya lugha. Akisikia "makosa yalifanywa", hujaza nafasi kwa moja ya hizo. Basi mtu ambaye anamjua mtenda, na anajua kuwa mtenda ndiyo maana yote ya habari ile, kisha akamwacha, amemfanya msikilizaji aamini jambo lisilokuwa: ama kwamba hajui, ama kwamba si kitu. Hakusema uongo kwa maneno aliyoyatia. Ameusema kwa neno alilolitoa. Sioni kwa nini mkono utoao uhesabiwe msafi kuliko mkono utiao.

J. L. Austin, mwanafalsafa wa Oxford, katika hotuba yake ya mwaka 1956 juu ya udhuru, alionyesha jinsi tunavyoweza kujifunza mengi juu ya wajibu kwa kuyapima maneno ya watu wanaojitetea: kumpiga risasi punda wa jirani kwa kudhani ni wako si sawa na kumpiga kwa kuwa wanyama walisogea ulipokuwa ukimlenga wako. Naifuata njia yake, ila naona watu aliowachunguza ni waungwana. Wanaleta udhuru. Aletaye udhuru amekwisha kusema "mimi": nilimpiga, lakini kwa bahati mbaya. Anayetumia kauli ninayoizungumzia hana haja ya udhuru, kwa kuwa hajafika mahakamani. Punda amepigwa risasi, inasikitisha.

Na hasara haiishii kwa ukweli. Ikiwa ni ukweli tu, mtu angeweza kuutafuta kwingine. Shangazi yangu hakuwa anatafuta habari. Alikuwa anatafuta mtu. Malalamiko, ombi, ghadhabu, msamaha, vyote hivyo huenda kwa mtu. Huwezi kuisamehe sentensi.

Kuna upande mmoja ambapo nasita. Nimewahi kumsikia mkubwa wa wodi akiwaambia jamaa wa mgonjwa kwamba dawa iliyotolewa haikuwa yenyewe. Hakusema na nani. Muuguzi kijana alikuwa amesimama nyuma yake, anatetemeka. Mwanamke yule alikaa mbele ya jamaa wale, akaongeza: "Wodi hii ni yangu, neno lolote mlilo nalo nipeni mimi." Kauli ni ile ile, mtenda hakutajwa, na sikuona uongo. Nadhani tofauti ni kwamba alimwondoa mdogo katika kiti, kisha akakikalia yeye. Jamaa wale walikuwa na mtu wa kumlilia, na walimlilia kweli. Sijui kama kanuni yaweza kutungwa kutokana na hilo. Najua tu kwamba wakubwa wengi niliowaona hufanya kinyume chake.

Nilikuwa nimekwisha kuyafikiri haya yote, na kuyafundisha, pale mambo yaliponifika mimi. Wakati huo nilisimamia mitihani katika idara. Nilipokuwa nikinakili alama, usiku, nikiwa nimechoka, niliruka mstari mmoja, na alama za mwanafunzi mmoja zikaenda kwa mwingine. Ilijulikana baada ya mahafali. Binti aliyefaulu alikuwa amehesabiwa kuwa ameshindwa. Hakuvaa joho pamoja na wenzake, na mama yake alikuwa amekwisha kununua nauli. Nikaketi nimwandikie. Barua za chuo huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza kikaja chenyewe mkononi: "An error was made in the entry of marks. The inconvenience is regretted." Sentensi mbili, kutendwa mara mbili. Nikatia sahihi juu ya cheo changu.

Alikuja ofisini siku ya tatu, barua mkononi. Hakuwa na hasira. Alisema, "Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kukuomba msaada. Wewe ndiye uliyeandika barua hii, bila shaka unamjua aliyekosea. Nataka nimwone tu."

Nikamwambia kwamba jambo lake linashughulikiwa.

Akaniamini, hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Aliniaga kwa adabu akaenda zake. Nilikaa na ile nakala ya barua mezani kwa muda ambao sikuupima. Nilijua kuzipanga sentensi za Grant na za Reagan ubaoni, na kuwaonyesha wanafunzi mahali kisu kilipopita. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi katika darasa hilo.

Ilinichukua siku nne kuandika barua ya pili. Nilijaribu Kiingereza, nikaona kila nikianza mkono unatafuta "was". Nikaiandika kwa Kiswahili, na ikawa sentensi moja: "Mimi ndiye niliyekosea kunakili alama zako, na ulipokuja kuniuliza nilikuficha." Nikaweka jina langu bila ya cheo. Kisha nikampelekea, nikangoja.

Jibu lilikuja baada ya juma zima, kwenye kipande cha karatasi kilichokunjwa mara mbili. Lilikuwa neno moja, na tarehe, na sahihi yake. Neno lenyewe lilikuwa "Imepokelewa."